Nyasi Safi za Rweya

Kwa miaka mingi hadithi hii nimekuwa nikiisimulia vibaya, na nimeisimulia mbele ya watu wengi. Kila mwaka, wanafunzi wangu wa kemia wakifika kwenye mada ya maadili ya utafiti, nafunga kompyuta, nakaa kwenye ukingo wa meza, nawapa habari za mjane wa kijiji cha Izigo, maharage yaliyojikunja, na binti aliyesimama mbele ya wazee wa ukoo akasema, "Ni sisi." Wengine huweka kalamu chini. Wengine huandika. Nami hurudi ofisini nikijiona mtu wa maana. Juzi juzi Jenista alinipigia simu kuniambia kwamba mama yake, Ma Leokadia, ndiye mjane wa hadithi hiyo, amefariki, na mazishi yatakuwa Buhembe. Neno hilo Buhembe lilinigonga kidogo, maana mwenye kibanja Izigo huzikwa Izigo, katikati ya migomba yake, na Buhembe ni mjini Bukoba. Lakini sikuuliza. Nilifunga mkoba nikaondoka, na njia nzima nilikuwa natunga moyoni maneno machache ya kusema msibani endapo nitaombwa. Naona aibu hata kuyaandika. Yalianza hivi: "Mama huyu alinifundisha kusema ukweli."

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimetoka chuo na shahada nzuri, na kiburi cha kulingana nayo. Bosi wangu, tuliyezoea kumwita Dokta tu, alikuwa anatafuta njia ya kuifanya dawa ya kuua magugu ikae shambani badala ya kukimbia. Ukiinyunyiza hivi hivi, mvua za Kagera haziisubiri. Zinaisomba hadi bondeni, na mkulima analazimika kupiga tena. Sisi tulikuwa tunaifunga ndani ya polima. Tulichukua kitu kama uji mzito, kilichotengenezwa kwa mwani, tukakichanganya na dawa, kisha tukakidondosha tone moja moja kwenye maji yenye chumvi ya kalsiamu. Kila tone likigusa maji linaganda papo hapo, linakuwa duara laini kama yai la samaki. Ukilianika linasinyaa hadi kuwa dogo kama ulezi. Ukilifukia, linanyonya unyevu wa udongo, linavimba, na linaachia dawa kidogo kidogo kwa miezi. Niliipenda kazi hiyo kama mtu anavyompenda mchumba. Nilikuwa naweza kukaa na bomba la sindano mkononi asubuhi nzima nikidondosha, na mtu akinisemesha namwitikia bila kujua kasema nini.

Nilipangiwa kukaa Izigo kwa Ma Leokadia, mjane aliyebaki peke yake baada ya Jenista, binti yake wa pekee, kupata kazi ya uuguzi mjini. Nililala chumba cha kahawa. Magunia ya kahawa kavu isiyokobolewa yalipangwa hadi karibu na dirisha, na kitanda changu kilibanwa kati yake na ukuta, nikawa naamka nguo zinanukia vumbi la maganda. Sebuleni palikuwa na picha ya Moyo Mtakatifu, kalenda ya parokia, na picha ya marehemu mume wake akiwa amevaa kofia, amekasirika, kama mtu aliyeambiwa asicheke. Jiko lilikuwa kibanda cha nje, na humo ndimo nilimojua kila ninachokijua kuhusu nyumba ile. Ma Leokadia alimenya ndizi haraka kuliko nilivyoweza kuongea, akazilaza chunguni juu ya maharage, akazifunika kwa majani ya mgomba na kuyabana pembeni kwa vidole visivyoogopa moto. Siku moja nilijaribu kumweleza kazi yangu kwa kumwonyesha chungu hicho. Nikamwambia punje zetu ni kama lile jani, linalozuia mvuke usitoke wote kwa mara moja. Akacheka hadi akaweka kisu chini. "Waitu! Kumbe nimekuwa mtaalamu tangu niolewe, na hakuna aliyeniambia!" Tangu siku hiyo, akifunika chungu, alikuwa ananiita nije kukagua polima.

Asiyepajua kule inabidi aelezwe kitu kimoja. Kibanja ndiyo nyumba. Migomba, kahawa chini yake, maharage na magimbi chini ya kahawa, na makaburi ya waliotangulia humo humo. Nje ya vibanja ni rweya, uwanda wa nyasi na mawe, udongo uliochoka. Kinachofanya kibanja kiwe cheusi na chenye rutuba katikati ya udongo huo uliochoka ni wanawake. Tangu enzi za mabibi zao wamekuwa wakienda rweya kukata nyasi, wanazibeba kichwani, wanazitandaza chini ya migomba. Hata zinazotandikwa sebuleni kwa sherehe au msiba, zikichakaa, hufagiliwa na kupelekwa kibanjani. Hakuna nyasi ya rweya inayobaki rweya. Dokta alilijua hilo. Alizaliwa Kagondo, na mama yake alimlisha kwa kibanja cha namna hiyo. Mimi nililijua pia, maana nilishabeba mzigo mmoja wa nyasi kwa ajili ya kujionyesha na nikaumwa shingo. Hata hivyo, tulipotafuta mahali pa kufanyia jaribio, mahali ambapo dawa isingeweza kumdhuru mtu, tulichagua rweya. Kwenye ramani yetu tulipaandika kuwa ni ardhi isiyotumika.

Kipande chenyewe kilikuwa sehemu ya nyasi ambayo mume wa Ma Leokadia alikuwa akiitumia, na baba yake kabla yake. Dokta alimwomba kwa adabu zote, kwa Kihaya, akiwa ameinama, naye akakubali kabla chai haijapoa. Nilimsikia Jenista, aliyekuja Jumapili ile, akimnong'oneza mama yake jikoni kwamba Ta Kamugisha aambiwe kwanza. Ta Kamugisha alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, na ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Ma Leokadia akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani nikienda kukata nyasi huwa naomba ruhusa kwake?" Nilicheka nikiwa mlangoni. Niliipenda ile jeuri yake. Tulifukia punje kabla ya masika, na dawa tuliyoifunga humo ilikuwa ya kuua magugu ya majani mapana tu. Nyasi na jamii yake zinaivumilia. Masika ilipokwisha, kipande chetu kiliota nyasi ndefu, laini, za rangi moja, bila gugu hata moja ndani yake. Dokta alipiga picha nyingi. Watu waliokuwa wakipita kwenda kanisani walisimama kuziangalia.

Ma Leokadia alisubiri tumalize kupima. Alikuja jioni moja ya kiangazi nikiwa naosha vyombo vyangu nje, akasimama na mundu begani.

"Mwanangu, zile nyasi zenu, mmemaliza nazo?"

"Tumemaliza, Ma."

"Naweza kuzikata? Nyasi safi vile sijawahi kuziona. Nikitandaza zile, sipalilii mpaka Krismasi."

"Kata tu. Dawa imefungwa kwenye punje, na punje ziko udongoni. Kwenye nyasi hakuna kitu."

Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Una hakika? Pale kuna kahawa ya baba mkwe wangu."

"Nina hakika, Ma," nikasema, na sikuacha hata kusugua kile chombo. Kesho yake nilimsaidia kubeba.

Maharage yalipandwa mvua za kwanza zilipoanguka. Yalitoka vizuri, yakafungua majani mawili, kisha majani yaliyofuata yakaja yamejikunja kama vikombe, na mashina yakajisokota. Hayakufa haraka. Yalikaa vile, yamekunjamana, na kila asubuhi Ma Leokadia alikuwa anakwenda kuyaangalia. Baadaye machipukizi ya kahawa nayo yakaanza kujikunja. Migomba ilisimama kama kawaida, maana kwa jamii mgomba uko karibu zaidi na nyasi kuliko na mharage, na nilipoliona hilo, migomba mizima na maharage yaliyojikunja chini yake, nilichuchumaa nikaokota nyasi moja iliyotandazwa. Nilijua. Punje zetu zilikuwa zimefanya kazi yake barabara. Ziliachia dawa kidogo kidogo, nyasi zikainywa bila kudhurika, zikaiweka. Tulipozikata na kuzitandaza, zikaanza kuoza na kuiachia tena, kidogo kidogo, juu ya mizizi ya maharage. Tulihangaika kutengeneza kitu cha kubeba dawa na kuiachia taratibu, kumbe nyasi yenyewe iliiweza kazi hiyo kutuzidi. Dokta alikuja akachukua udongo na majani kwenye mifuko, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepata msiba na zawadi kwa pamoja. Nadhani hata yangu ilikuwa hivyo.

Nilimwambia Ma Leokadia jikoni, nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nikitazama miguu yangu. Aliendelea kumenya. Nilimwambia pia nilichokiamini, kwamba dawa itaisha nyasi zikishaoza, na kahawa itapona. Akauliza ni nani mwingine anayejua. Nikasema ni sisi wawili na Dokta basi. Akamenya ndizi nyingine.

"Kamugisha atakuja na wazee," akasema. "Mtoto wake anaoa, anatafuta pa kumweka. Amekuwa akisema kibanja kimemshinda mjane. Sasa ameona kahawa."

Nilishalisikia hilo kwa masikio yangu. Kuna siku Ta Kamugisha alikuja, wakakaa sebuleni, nami nilikuwa chumba cha kahawa nikipanga mifuko. Kihaya changu kilikuwa cha salamu na chakula, lakini neno kibanja lilirudi na kurudi, na mara moja alisema kwa Kiswahili, labda ili na mimi nisikie, "Shemeji, sisi hatukufukuzi. Tunaangalia tu mali ya kaka isipotee." Kwa hiyo sikuwa mtoto asiyejua kitu. Nilijua alichokuwa anataka kumnyang'anya.

"Wakija, wewe nyamaza," Ma Leokadia akaniambia. "Nitasema mvua ilikatika, na huu mnyauko umeingia. Msimu ujao watakuta kahawa imepona."

"Lakini si kweli, Ma."

"Najua si kweli."

"Nikiwaeleza kwamba ni kosa letu, watajua wewe huna hatia. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu."

Akafuta kisu kwenye jani. Hakuwa amekasirika. "Basi mpende Mungu wako kesho kutwa, ukishapanda basi," akasema. "Wewe utaondoka na ukweli wako. Mimi nabaki nao hapa."

Walikuja siku iliyofuata, mchana. Ma Leokadia alitandika nyasi mpya sebuleni, nyasi za upande mwingine wa rweya, akaweka rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu, na bakuli la senene zilizokaangwa, maana ulikuwa msimu wake. Aliwapigia magoti wazee mmoja mmoja. Nilikaa kwenye kona karibu na mlango wa chumba changu. Walikwisha kuzunguka kibanja, na Ta Kamugisha alikuwa amekuja na tawi la kahawa lililojikunja, akalilaza mezani chini ya picha ya kaka yake. Ma Leokadia akasema alichosema atasema. Mvua, mnyauko. Alisema bila haraka, akimimina rubisi. Mzee mmoja mnene, aliyekuwa akitafuna senene muda wote, akasema hata kwake Kamachumu kahawa ilifanya hivyo hivyo mwaka juzi, ikapona yenyewe. Mwingine akaitikia. Nusura yaishe. Ta Kamugisha mwenyewe alikuwa ameshika kofia yake tayari. Nakumbuka jinsi moyo wangu ulivyokwenda mbio, na nakumbuka, kama nisemavyo sasa, kwamba haukuwa unakwenda mbio kwa ajili ya Ma Leokadia. Nilikuwa nawaza nitakavyojisikia jioni ile nikiwa nimenyamaza.

Nikasimama. Nilieleza yote, punje, polima, nyasi, hata nikachora kwa kidole mezani jinsi majani yanavyonyonya. Nikasema, "Ni sisi. Mama huyu hana kosa lolote." Sikumwangalia. Nilipomaliza, Ta Kamugisha akanishukuru. Alinishukuru kwa dhati, kwa Kiswahili kizuri cha shule. "Ahsante sana, binti. Vijana wa siku hizi hawasemi kweli kama ulivyosema. Sasa tusaidie na hili. Hiyo rweya ya ukoo, nani aliwapa?"

Hakuwa anahitaji jibu langu.

Akamgeukia shemeji yake. "Ulimwomba nani?"

"Sikuomba," akasema Ma Leokadia.

"Wageni wakafukia sumu kwenye ardhi ya wazee wetu. Nawe ukaibeba kwa kichwa chako ukaileta kwenye makaburi."

"Niliileta."

Yule mzee mnene akaacha kutafuna. Mvua ni ya Mungu, na ugonjwa hauna mwenyewe. Kwa hayo wangemsamehe. Kwa hili hapakuwa na mtu wa kumtetea, na wakati huo huo mimi nilimiminiwa kikombe cha rubisi kwa heshima, kabla ya baadhi ya wazee, kwa kuwa nilikuwa mkweli. Nilikinywa.

Jioni Ma Leokadia alipika kama kawaida. Alinipa kipande kikubwa cha sato, na nilipokataa akakirudisha kwenye sahani yangu. "Kula. Una safari." Hakuniita nije kukagua polima. Nami, Mungu anisamehe, nililala vizuri. Nilijisikia mwepesi. Niliondoka Izigo nikiamini kwamba nimefanya jambo gumu na jema, na Dokta aliposikia akanisifu mbele ya wenzangu. Mifuko ile ya udongo na majani ikawa utafiti wangu wa kwanza wenye jina langu. Kila nilichokuja kuwa baadaye kilianzia kwenye maharage yale. Mwishoni mwa andiko tulimshukuru mkulima mwenyeji. Jina lake hatukuliandika. Tulisema ni utaratibu.

Nilikuja kusikia kwamba amehamia mjini kwa Jenista. Nikasema vizuri, amezeeka, amepata wa kumtunza. Nilimtumia kanga Krismasi moja au mbili. Nilisema nitakwenda kumwona. Nimefika Bukoba mara nyingi tangu wakati huo, kwa semina na mikutano, nikalala hoteli iliyo karibu na ziwa, na Buhembe si mbali.

Nyumba ya Jenista ni ya matofali, ina uzio, na nyuma yake kuna migomba michache iliyobanwa kati ya ukuta na choo. Pale ndipo walipochimba kaburi. Jenista amekuwa mwanamke mzima, mwenye macho ya mama yake, na alinieleza yote tukiwa tumekaa jikoni, kwa sauti ya mtu anayesimulia kitu anachodhani mwenzake anakijua. Kabla ya masika ya mwaka uliofuata ukoo ulimpa mtoto wa Ta Kamugisha kile kibanja cha Izigo. Yeye Jenista alitaka kwenda kwenye baraza la ardhi, mama yake akakataa, akasema hawezi kushtaki watu aliowaambia kwa kinywa chake kwamba hakuomba. "Na kahawa?" nikauliza. Akashangaa. "Kahawa si ilipona? Msimu uliofuata tu. Mama alikwenda kuiona, akarudi anasema imezaa kuliko zamani."

Kwa hiyo madhara ya punje zetu yalidumu msimu mmoja, kama nilivyomwambia. Angenyamaziwa msimu mmoja, angezikwa nyumbani kwake.

"Alinilaumu?" nikauliza.

"Hapana, dada. Alikuwa anasema yule mtoto alikuwa mkweli sana."

Nilitamani aniambie alinitukana. Tukiwa bado tumekaa, wanawake wa jumuiya walifika getini na mizigo ya nyasi za kutandika kwa ajili ya waombolezaji. Jenista akainuka haraka, akawazuia kabla hawajaingia. "Zimekatwa wapi?" Wakamwambia. Akashika konzi moja, akainusa, akauliza tena, "Mna hakika?" Kisha akawapisha. Aliporudi alikuwa na haya kidogo. "Usinicheke, ni mazoea ya mama. Alikuwa haruhusu nyasi iingie ndani mpaka aulize ilikotoka. Na akijibiwa lazima aulize mara ya pili. Watu walikuwa wanamwona msumbufu."

Alipotoka kuangalia chakula, nilibaki pale nikitazama zile nyasi zikitandazwa. Mimi pia mama yake aliniuliza mara mbili.

Kesho yake, baada ya misa ya mazishi, aliyekuwa akiongoza ratiba akatangaza kwamba kuna mgeni kutoka chuo kikuu, mtu aliyeishi na marehemu, atasema mawili matatu. Nikasimama. Mtoto wa Ta Kamugisha alikuwa amekaa mbele, na mke wake, wenye adabu wote wawili. Walileta mkungu mkubwa wa ndizi kutoka Izigo. Maneno niliyotunga njiani yote yalikuwepo, na mengine makali zaidi yaliyozaliwa usiku ule, kuhusu kibanja na kuhusu mimi, na nilijua nikiyasema nitajisikia mwepesi tena. Nikataja jina langu. Nikasema nilikaa kwa Ma Leokadia mwaka mmoja, na alinilisha vizuri. Nikaketi chini kwenye nyasi, nikainamisha kichwa. Mama mmoja akadhani nimezidiwa na majonzi, akanisogezea maji, akanishika bega. Nilikunywa maji yale. Kilichoniinamisha kilikuwa aibu tu.